Mjumbe wa Chama Aendapo Dar es Salaam: Usalama Wake na wa Mali ya Wanachama

Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Kapalamsenga



Safari ya kutoka Kapalamsenga hadi Dar es Salaam huzidi kilomita 1,000. Msafiri hufika kwanza Mpanda mjini, na hapo huchagua njia. Aweza kupanda treni katika tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210, ambalo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, kisha akaingia Reli ya Kati kupitia Tabora na Dodoma. Ama aweza kupanda basi. Tangu mwaka 2024 wako pia wanaoishia Dodoma kwa basi na kumalizia safari kwa treni ya umeme.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya watu wachache. Siku hizi sababu za kwenda ni nyingi. Katibu hutumwa kununua beringi na mikanda ya mashine ya kusaga katika maduka ya Kariakoo au Gerezani. Mjumbe huchaguliwa kuhudhuria Maonyesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka katika uwanja ulio kando ya Barabara ya Kilwa. Mwanachama humsindikiza mgonjwa wake Hospitali ya Taifa Muhimbili, au humfuata mwanawe aliye masomoni. Mazungumzo haya yanawahusu wote hao. Hata hivyo yanamhusu zaidi yule anayesafiri na mali isiyo yake, kwa kuwa yeye akiibiwa hupoteza vitu viwili kwa pamoja: fedha za wanachama na jina lake.

MJI WA WATU WASIOJUANA

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji ule katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, mji ulipata jina lenye maana ya makao ya salama. Baadaye wananchi wakauita Bongo, yaani mahali ambapo mtu haishi pasipo kutumia ubongo. Majina yote mawili yana haki yake. Salama ipo katika mji ule, lakini hupatikana kwa akili.

Katika sensa ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728, na mkoa wetu mzima wa Katavi watu 1,152,958. Maana yake ni kwamba watu wote wa Katavi, wa Mpanda na Mlele, wa Tanganyika na Nsimbo na Mpimbwe, wakijumlishwa hawafiki hata robo ya watu wa Dar es Salaam.

Tofauti hii si ya hesabu tu. Katika kijiji, mtu akionekana anasukuma baiskeli isiyo yake atasimamishwa na kuulizwa kabla hajafika njia panda. Kufahamiana ndiko askari wa kwanza wa kijiji. Katika mji mkubwa askari huyo hayupo. Mamia ya watu humpita msafiri kwa saa moja, na hakuna hata mmoja anayejua ametoka wapi, amebeba nini, wala analala kwa nani. Wengi wao ni watu wema waliotoka mikoani kama yeye, wenye haraka ya kwenda kutafuta riziki. Wachache ni waovu, na hao wachache kazi yao ya kutwa ni kumtambua mgeni.

MILANGO MITATU YA TAPELI

Ni kweli kwamba wako wanyang'anyi wanaotumia nguvu. Lakini mgeni wa Dar es Salaam aghalabu haporwi kwa panga; hutoa fedha zake kwa mkono wake mwenyewe. Tapeli humwingia kupitia mojawapo ya milango mitatu: haraka, aibu, na tamaa.

Mlango wa haraka huonekana kituoni. Mpiga debe humshika msafiri begi na kumwambia, "Mzee, basi ndilo hilo linaondoka, lete nauli upesi." Msafiri hutoa fedha, hupewa kipande cha karatasi, na akilifikia basi huambiwa kwamba karatasi ile si tiketi. Laiti angesimama kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, angeona kwamba basi halina hata dereva. Anayemtaka mgeni aamue papo hapo, asiulize wala kusoma, amempa tayari sababu ya kukataa.

Mlango wa aibu ni mgumu zaidi kuufunga, maana hutumia malezi mema. Kijana nadhifu humkuta mzee njiani na kumwamkia, "Shikamoo mjomba! Habari za huko nyumbani? Kumbe hunikumbuki?" Mzee huona haya kumkana mtu aliyemwamkia kwa heshima. Basi husema, "Wewe si mtoto wa Mwalimu fulani?" Kijana hujibu, "Ndiye mimi!" Tangu hapo kijana anayo majina yote anayoyahitaji, na yote ameyapata kinywani mwa mzee. Dawa yake ni ndogo. Mgeni aitikie marahaba kwa adabu, kisha anyamaze na kumwacha kijana aseme mwenyewe jina lake, la baba yake, na la kijiji. Kama ni ndugu wa kweli atayasema bila taabu wala kinyongo.

Aibu hiyo hiyo humfanya mgeni apande teksi bila kupatana nauli, afuate njia asiyoijua kwa kuogopa kuitwa mshamba, na akubali hesabu ya dukani bila kuirudia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mgeni na aulize, lakini achague wa kumwuliza: askari aliyevaa sare, mwenye duka aliyekaa katika duka lake, karani wa tiketi dirishani, au mama anayeuza chakula mahali pake pa kila siku. Watu wa namna hii kesho watakuwapo hapo hapo. Anayejitokeza mwenyewe kutoa msaada na kumtaka mgeni amfuate, hakuna ajuaye kesho atapatikana wapi.

Mlango wa tamaa ni wa tangu zamani, na hadi leo haujafungwa. Mtu hupita mbele na kuangusha bunda la noti. Wa pili huliokota mbele ya macho ya msafiri na kumnong'oneza kwamba wagawane. Mara hutokea wa tatu akilia kwamba amepoteza fedha, na kuomba wote wawili waonyeshe walichonacho. Msafiri hutoa fedha zake zikaguliwe, na katika kutoa na kurudisha hubaki na bunda ambalo juu na chini ni noti, na katikati ni magazeti yaliyokatwa. Wengine huleta dhahabu au mawe ya thamani kwa bei ya huruma. Mtu wa Kapalamsenga, ambaye ameishi karibu na mawe ya shaba, apaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba mwenye madini halisi hayatembezi vichochoroni akimtafuta mgeni wa kumwuzia kwa hasara.

Mahospitalini na katika ofisi za umma wapo pia vishoka, watu wanaoahidi kumpitisha mgonjwa mbele ya foleni au kuharakisha leseni. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo na hutolewa stakabadhi. Fedha iliyotolewa korido kwa mtu asiye na dirisha wala stakabadhi hiyo imekwisha kupotea.

KAZI YA CHAMA KABLA YA SAFARI

Usalama wa mjumbe huanza katika ofisi ya chama, siku kadhaa kabla hajapanda gari. Mambo yafuatayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, Bodi ikae na kuandika muhtasari. Muhtasari useme nani anatumwa, kwa kazi gani, kwa siku ngapi, amepewa masurufu kiasi gani, na kazi yenyewe inalipwa kwa njia gani. Asiwepo mjumbe anayeondoka kwa maneno ya mdomo kati yake na mweka hazina.

Pili, fedha za ununuzi zisisafiri mfukoni mwa mtu. Mjumbe aende akaulize bei na kuvikagua vipuri, achukue ankara ya bei ambayo madukani huitwa profoma, na aipeleke nyumbani kwa picha ya simu. Bodi ikiridhika, waweka saini wa chama waidhinishe malipo benki, moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina la duka. Kama jina la akaunti ni la mtu binafsi na siyo la duka, malipo yasimame mpaka sababu ieleweke. Kwa utaratibu huu mjumbe hubaki na nauli, chakula na malazi yake tu. Mwizi akimpata, amepata posho. Mashine ya wanachama hakuipata.

Tatu, mjumbe apewe barua ya utambulisho yenye muhuri. Muhuri wenyewe, kitabu cha hundi, na karatasi tupu zenye jina la chama vibaki kabatini. Muhuri ukipotea mjini waweza kukopesha, kununua na kuahidi kwa jina la chama, na wanachama wasijue mpaka mdai afike mlangoni.

Nne, mjumbe awe na kikaratasi chenye namba za simu za katibu, mwenyekiti, mweka hazina na mwenyeji wake. Watu wengi siku hizi hawakumbuki namba hata ya mke au mume. Simu ikiibwa huwa kama watu walioangukia kisiwani. Nakala ya kikaratasi hicho na nakala ya kitambulisho cha taifa zibaki ofisini.

Tano, mjumbe na mweka hazina wakubaliane neno la siri, la kawaida tu, mfano jina la mto au la mti. Sababu yake itaelezwa baadaye.

Sita, ijulikane kabla ya safari mjumbe atalala wapi. Kama anafikia kwa ndugu, ajue jina la mtaa na la mjumbe wa shina au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kusema tu "anakaa Mbagala" hakutoshi. Mbagala ina watu wengi kuliko miji mingi ya mikoani.

NJIANI

Tiketi ikatwe dirishani au kwa wakala anayetambulika, na jina lililoandikwa lilingane na kitambulisho. Mzigo unaowekwa chini ya basi upewe stakabadhi, na msafiri ashuke kuutazama kila mizigo mingine inaposhushwa. Mkoba wenye karatasi na fedha usiwekwe juu ya kiti. Ukae mwilini, mbele, chini ya vazi.

Abiria jirani aweza kuwa mtu mwema kabisa, na mazungumzo hufupisha safari. Lakini chakula na kinywaji kilichokwisha kufunguliwa visipokelewe kwa mtu asiyejulikana, hata akisisitiza. Imetokea mara nyingi katika nchi yetu msafiri akala biskuti, akalala, na kuamka mfuko mtupu. Kukataa kwa maneno mazuri si utovu wa adabu. "Ahsante sana ndugu yangu, tumbo halijakaa sawa" ni jibu linalotosha.

Ndani ya treni, usiku, dirisha lililo wazi kituoni ni mlango wa mkono wa mtu wa nje. Saranda hununuliwa kuku, na vituo vingine huuza ndizi na asali. Anayenunua atoe noti ndogo aliyoiandaa mapema, asifungue mfuko wote mbele ya dirisha. Kadhalika asieleze kwa sauti shabaha ya safari yake. Maneno "nakwenda kununulia chama mashine" yakisemwa Kaliua, yaweza kumtangulia Dar es Salaam.

KUFIKA NA KUTEMBEA MJINI

Safari ipangwe ili msafiri afike mchana. Aliyekwenda Dar es Salaam miaka mingi iliyopita ajue kwamba mambo yamebadilika. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani hakiko tena Ubungo. Tangu Februari 2021 kituo kikuu ni kile cha Magufuli, Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, na kutoka hapo hadi katikati ya mji bado ni mwendo mrefu. Msafiri anayeshuka akitafuta alama za zamani hujitangaza kuwa mgeni. Afadhali akae kwanza ndani ya kituo, ampigie mwenyeji wake simu, na ajue gari la kupanda kabla hajatoka getini.

Daladala hubeba watu kwa nauli iliyopangwa, na njia yake imeandikwa ubavuni. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, hupita katika barabara zake yenyewe. Yote mawili hujaa sana asubuhi na jioni, na msongamano ndio shamba la mchomozi. Mkoba uwe kifuani, na simu isiwe mfuko wa nyuma. Anayehitaji teksi atazame kibao cha namba: gari la biashara huwa na kibao cheupe, na la binafsi kibao cha njano. Nauli ipatanwe kabla ya kuingia, na gari lenye abiria wengine wasiojulikana liachwe liende zake. Abiria wa pikipiki adai kofia ngumu, na kama haipo asipande.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa vita ya mwaka 1914 hadi 1918, na mpaka leo ni mahali pa mizigo na misukumano. Mjumbe aingie huko asubuhi, akiwa na orodha ya vipuri na sampuli ya kile kilichoharibika, na kama aweza afuatane na mwenyeji. Atembee upande wa ndani wa njia, mkoba ukielekea ukutani, kwa kuwa wapo wapora mikoba wanaotumia pikipiki. Simu isizungumziwe ukingoni mwa barabara. Aingie dukani kwanza.

Usiku mgeni hana kazi mitaani. Mwaka 2022 wakazi wa baadhi ya mitaa ya jiji walisumbuliwa na makundi ya vijana waliojulikana kama Panya Road, mpaka polisi wakafanya msako mkubwa. Wenyeji wenyewe walijifungia ndani mapema. Mgeni asijione shujaa kuwazidi.

Yako pia mambo mawili yasiyohusu wezi. La kwanza ni kuvuka barabara. Mtu aliyezoea barabara ya magari machache hutazama upande mmoja na kukimbia. Katika barabara zenye njia ya mwendokasi katikati, magari huja kwa pande mbili, kisha mabasi kwa pande mbili tena. Penye daraja la waenda kwa miguu, lipandwe, hata kama wengine wanapita chini. La pili ni mvua. Bonde la Msimbazi, hasa Jangwani, hufurika mara kwa mara, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Maji yakifunika barabara, msafiri asubiri. Hakuna kipuri cha mashine kinachostahili kufuatwa kwa kuogelea.

SIMU NA FEDHA

Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mwizi hahitaji tena kumkaribia mtu. Hatari humfikia hata mweka hazina aliyekaa Kapalamsenga.

Wote wanaujua ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Wapo wanaoucheka. Lakini ujumbe huo hutumwa kwa watu maelfu, ukitafuta mmoja tu ambaye siku hiyo kweli anasubiri kumtumia mtu fedha. Chama chenye mjumbe safarini ndicho mtu huyo. Hapo ndipo neno la siri hufanya kazi. Ukija ujumbe kwamba mjumbe amelazwa, amekamatwa, au amepata mashine kwa nusu ya bei, mweka hazina ampigie kwa namba ya siku zote na kumwuliza neno walilokubaliana. Asipolitaja, fedha haziondoki, hata kama sauti inafanana na hata kama inalia. Mwizi aliyeiba simu ya mjumbe anazo namba zote za chama. Neno lile hanalo.

Namba ya siri ya simu haisemwi kwa mtu yeyote, awe amejitambulisha kuwa wakala, mtu wa benki au wa kampuni ya simu. Kwa wakala, mwenye simu abonyeze mwenyewe. Vilevile mgeni asiweke alama za vidole kwa kijana wa mtaani anayegawa laini kwa zawadi, kwani huenda ikasajiliwa laini nyingine kwa jina lake na kutumiwa katika utapeli. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu hutazamwa kwa kubonyeza *106#, na namba ya tapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

LIKITOKEA LA KUTOKEA

Hata mwangalifu aweza kuibiwa. Jambo hili linahitaji kuzungumzwa kwa kituo, maana hapa ndipo vyama hupoteza zaidi ya fedha.

Chukulieni mfano wa kutunga wa wajumbe wawili waliotumwa na chama kimoja kwa nyakati mbili. Wa kwanza aliondoka bila muhtasari, na fedha za mashine amezifunga kiunoni. Katika msongamano wa kituo zikakatwa. Aliona haya kupiga simu. Alijiambia kwamba atafanya kibarua azirudishe kabla hawajajua. Ikapita wiki moja, ikapita ya pili. Nyumbani wanachama wakaanza kusema kwamba fedha ameila, na mkewe akawa hachoti maji kisimani bila kusikia maneno. Aliporudi na kusema ukweli, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini. Hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha alipewa kiasi gani, wala taarifa ya polisi. Yawezekana alikuwa mwaminifu kuliko wote waliomhukumu, lakini uaminifu wake haukuandikwa mahali popote.

Wa pili aliibiwa pia, begi na simu. Lakini aliomba simu kwa mwenye duka, akasoma namba katika kikaratasi chake, akataja neno la siri. Mweka hazina alijulisha benki na kampuni ya simu saa ile ile. Mjumbe akaenda kituo cha polisi akaandikisha taarifa na kupewa namba yake, ile iitwayo RB. Kilichopotea kilikuwa posho na nguo. Siku ya tatu kipuri kililipiwa benki, na siku ya tano alikuwa ndani ya treni. Katika mkutano alisoma taarifa yake, wanachama wakauliza maswali, ikaandikwa, na shauri likaisha.

Wajumbe hawa wawili waliibiwa katika mji mmoja. Kilichowatofautisha kilifanyika Kapalamsenga kabla hawajaondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina jema la mtu aliyekabidhiwa mali ya wengi nalo lahitaji daftari.

Kwa hiyo mjumbe akiibiwa afanye mambo manne bila kuchelewa: ajiondoe mahali pa hatari, na asimfukuze mwizi, apige 112, namba ya dharura ya polisi, ajulishe nyumbani ili akaunti na laini zifungwe, na kampuni ya simu kwa namba 100, kisha aandikishe taarifa kituoni. Fedha iliyotumwa kwa tapeli huweza kuzuiwa ikiwa haijatolewa, na mara nyingi hutolewa upesi. Kila saa ambayo mjumbe anaitumia kuona haya, ni saa aliyompa mwizi.

Wanachama nao wana wajibu. Chama kinachomzomea aliyeibiwa kinamfundisha anayefuata kuficha. Mjumbe aliyefuata utaratibu asikilizwe kwanza, na hesabu yake ikaguliwe kwa vielelezo. Aliyeukiuka utaratibu, shauri lake liamuliwe kwa mujibu wa masharti ya chama, katika kikao, wala si barazani kwenye pombe.

PENDEKEZO KWA VYAMA

Inapendekezwa kwamba kila chama cha msingi kilete haya katika mkutano wake ujao, na yakikubaliwa yabandikwe ukutani ofisini:

1. Hakuna safari ya mjumbe bila muhtasari wa Bodi na barua ya utambulisho.
2. Fedha za ununuzi hulipwa benki kwa akaunti ya muuzaji. Mjumbe hubeba masurufu tu.
3. Muhuri na kitabu cha hundi havitoki ofisini.
4. Neno la siri hukubaliwa kabla ya kila safari, na hubadilishwa safari inapokwisha.
5. Mjumbe hupiga simu afikapo na kila jioni; siku ikipita kimya, katibu huanza kumtafuta.
6. Anayeibiwa hutoa taarifa saa ile ile, na hasikilizwi kwa zomeo.
7. Masurufu hurejeshwa kwa stakabadhi ndani ya siku zilizowekwa na Bodi.

Utaratibu huu utamfaa hata mwanachama anayesafiri kwa shughuli zake mwenyewe. Mama anayempeleka mtoto Muhimbili hana Bodi ya kumwandikia muhtasari, lakini aweza kuacha namba zake kwa katibu, kukubaliana neno na mumewe au kaka yake, na kupiga simu kila jioni. Katibu asione kwamba hiyo si kazi yake. Ushirika ulianza kwa watu kutopenda mwenzao asimame peke yake mbele ya mnunuzi. Haipendezi basi wamwache asimame peke yake katikati ya Kariakoo.